Bawa nilipe digrii ngapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko hapa Malindi, naunda ndege ya rimoti, ya kwanza kwangu, kwa fomu. Mabawa ni mita 1.2 toka ncha hadi ncha, upana wa bawa sentimita 20, tumbo lake ni bapa. Mchoro nilioupata hauonyeshi bawa likae kwa pembe gani. Mmoja kanambia digrii 3, wa pili akasema sifuri, wa tatu akasema pandisha 5. Nikamfuata wa kwanza, nikatia kibao cha milimita 10 chini ya ukingo wa mbele wa bawa. Sasa kila nikiongeza moto wa mota ndege inainua pua, inapanda mpaka inasimama hewani, halafu inaangukia ubavu. Vyombo vya kupimia sina ila rula na simu. Niweke ngapi, na nipime vipi?

Marahaba, mwanangu. Kibao hicho kitoe leo. Mkia ukae sifuri, tumbo la bawa likae sambamba na mkia, uanzie hapo. Ukishafanya hivyo bawa lako litakuwa tayari lina digrii 2, ingawa kwa macho utaona halina kitu. Na hao watatu waliokushauri sidhani kama walikudanganya. Kila mmoja alikuwa akipima kitu chake.

Pembe ya bawa haipimwi tumboni. Hupimwa kwa mstari ulionyooka unaotoka katikati ya pua ya bawa, pale ukingo wa mbele unapojikunja, mpaka mwisho kabisa wa ukingo wa nyuma. Mstari huo huuoni, umo ndani ya bawa, ndiyo maana watu huukwepa na kubandika rula tumboni, maana tumbo bapa halisumbui. Kwa bawa ambalo mgongo na tumbo vimelingana, mstari huo uko katikati kabisa na hakuna wa kubishana. Kwa bawa la tumbo bapa kama lako, rula ya tumboni inakuficha sehemu kubwa ya pembe.

Hakikisha mwenyewe. Laza bawa mezani, tumbo chini, bila kulikandamiza. Simamisha rula mbele ya ukingo wa mbele usome kimo cha katikati ya pua kutoka mezani. Kama ulikata umbo la Clark Y, ambalo michoro mingi ya ndege za kujifunzia hulitumia, utasoma kama milimita 7. Gawanya kwa upana wa bawa, yaani 200, kisha zidisha kwa 57.3. Unapata digrii 2. Hizo zimo ndani ya bawa lenyewe hata kabla hujaligusisha kwenye bodi. Ukisoma milimita 5 au 9, umbo lako limekwenda kando kidogo, basi tumia namba yako, usitumie yangu.

Umbo hilo, kwa faida yako, si la vitu vya kuchezea. Virginius Clark, Mmarekani, alilichora mwaka 1922, na bawa la Spirit of St. Louis, ndege aliyoirusha Lindbergh peke yake kutoka New York hadi Paris mwaka 1927, lilikuwa la Clark Y. Sisi tunalipenda kwa sababu tumbo lake linalala mezani wakati wa kuunda na halikatai mwendo wa polepole.

Sasa rudi kwenye kibao chako. Milimita 10 chini ya upana wa milimita 200 ni karibu digrii 3. Ziongeze juu ya zile 2 za bawa lenyewe: umerusha ndege yenye digrii 5. Aliyekwambia 3 huenda alikuwa anahesabu kwa mstari wa ndani, na aliyesema sifuri alikuwa anahesabu kwa tumbo, na hapo wote wawili wamepishana kwa digrii 1 tu. Wa tatu nitamfikia baadaye.

Lakini kwa nini 5 ziharibu mambo? Wengi hudhani ukiinamisha bawa nyuma zaidi, ndege inapata nguvu zaidi ya kupanda, basi. Sivyo. Bawa halijui bodi imekaaje. Linajua upepo tu, unalikuta kwa pembe gani. Pembe hiyo ya upepo hubadilika kila sekunde, na anayeiamua ni mkia pamoja na mahali uzito ulipo. Mkia hapa unafanya kazi ya yule baharia anayetoka kukaa nje kwenye ubao wa ubavuni dau likilemewa na tanga: nguvu yake ni ndogo, lakini amekaa mbali, kwa hiyo anatosha kuliweka chombo sawa. Kinachohesabika kwa hiyo ni tofauti kati ya bawa na mkia. Ukiinua bawa digrii 3 na mkia nao ukauinua digrii 3, ndege itaruka vile vile ilivyokuwa ikiruka. Tofauti pekee utakayoiona ni bodi kwenda imeinamisha pua kama mtu anayetafuta shilingi mchangani.

Tofauti hiyo, pamoja na uzito, huchagua mwendo mmoja ambao ndege inatulia yenyewe bila wewe kugusa fimbo ya rimoti. Tofauti ikiwa kubwa, mwendo huo ni mdogo. Ukiongeza moto, mwendo unapita pale ndege ilipochagua, bawa linainua kuliko uzito wa ndege, pua inakwenda juu. Inapanda, inapoteza mwendo, na pembe ya upepo inazidi kukua. Ikifika kati ya digrii 12 na 15 hivi, hewa iliyokuwa ikitambaa juu ya mgongo wa bawa inabanduka. Marubani huita kustoli. Bawa la upande mmoja kwa kawaida hutangulia kubanduka kuliko la pili, na ndiyo sababu yako inaangukia ubavu badala ya kushuka kwa pua. Kwa ufupi ndege yako haina ugonjwa, inatii ulichoiagiza.

Kwa mabawa ya aina nyingine nitapita haraka, maana si swali lako: lenye tumbo lililobenuka kidogo hukaa vizuri kati ya nusu digrii na 1 na nusu, na la michezo, ambalo mgongo na tumbo vimelingana, hukaa sifuri au pungufu ya digrii 1, kwa kuwa ndege hiyo inatakiwa iruke kichwa chini sawa na kichwa juu. Lako anza na 2 kwa mstari wa ndani. Mwisho wako uwe 3.

Kupima. Simu inatosha, mradi iwe na programu ya pima maji inayosoma sehemu za kumi za digrii. Lakini simu ina hila zake. Vua kava. Usiilaze kwa mgongo, kwa sababu kamera imejitokeza na itakupa digrii ambazo hazipo. Isimamishe kwa ubavu wake mrefu, upande usio na vitufe. Kisha isome, igeuze nyuma mbele mahali pale pale, uisome tena. Namba mbili zikilingana kwa ukubwa, moja ikiegemea huku na nyingine kule, simu ni salama. Zikipishana, nusu ya mpishano ni kosa la simu, lipunguze kila unaposoma.

Usianze na meza, kwa kuwa meza za nyumbani haziko sawa na hazihitajiki ziwe sawa. Anza na mkia. Weka bodi juu ya vipande viwili vya fomu vilivyochongwa ili isitikisike, laza rula ya chuma juu ya mkia kutoka mbele kwenda nyuma, simu juu ya rula, halafu sogeza kipande cha fomu cha nyuma mbele au nyuma mpaka simu isome 0.0. Eleveta, kile kipande cha nyuma ya mkia kinachopanda na kushuka, kiwe kimenyooka na mkia, kibane kwa kibanio cha nguo. Kuanzia hapo bodi usiiguse. Ikisogea kidogo tu, rudia mkia.

Kwa bawa unahitaji kifaa kidogo ambacho utakitengeneza kwa dakika chache. Chukua kijiti kilichonyooka cha alumini au mbao, kirefu kuliko upana wa bawa kwa sentimita 6 hivi. Kata vipande viwili vya plaiwudi, kila kimoja ukate mfuo wa umbo la V. Vining'inize kwenye kijiti, kimoja mbele kimoja nyuma, mifuo ikitazamana, na hakikisha chini ya kila V iko umbali ule ule kutoka kijiti. Hapo ndipo kazi yote ilipo: kimoja kikiwa kirefu kwa milimita 1 tu, umeshapoteza robo digrii na ushei. Kimoja kinakumbatia pua ya bawa, cha pili kinakumbatia ukingo wa nyuma, na kijiti kinakaa sambamba na ule mstari usioonekana. Weka simu juu yake. Inachosoma ndiyo pembe ya bawa lako, bila hesabu wala ubishi wa tumbo na mgongo.

Pima karibu na bodi, pima katikati, pima karibu na ncha, kisha uhamie upande wa pili. Watu wengi hupima mahali pamoja wakaridhika. Kushoto na kulia zikipishana hata nusu digrii, ndege itaegemea upande mmoja muda wote, nawe utajikuta umeshikilia fimbo ya rimoti kupingana nayo bila kujua sababu. Pishano likiwa la urefu wote wa bawa, kitanda chake kwenye bodi kimekatwa vibaya. Likiwa linaongezeka kuelekea ncha, bawa limejipinda. Fomu ya hapa kwetu hujipinda kwa sababu ya jua. Bawa lililoachwa juu ya dashibodi ya gari saa sita mchana usilirushe kabla ya kulipima upya. Kujipinda kwenyewe si lazima kuwe kubaya, mradi pande zote mbili zifanane na ncha iwe na pembe ndogo kuliko shina, yaani pale bawa linapoungana na bodi. Cessna 172, ile ndege ndogo ya injini moja, hutoka kiwandani ikiwa na digrii 1 na nusu shinani na hasi 1 na nusu nchani, ili ncha zibaki zimeshika hewa wakati shina limeshaanza kustoli na rubani abaki na cha kuendeshea. Kwako digrii 1 ya namna hiyo itakusaidia. Iliyo kinyume, ncha ikiwa juu kuliko shina, irekebishe kwanza: fomu huregea kwa maji ya moto au mvuke, ipinde taratibu, ishikilie mpaka ipoe.

Hapo hapo chukua uzi, pima kutoka kila ncha ya bawa hadi mwisho wa mkia. Ziwe sawa. Fundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, hawezi kuanza kupiga mbao bila kulinganisha pande mbili, sioni kwa nini wewe usifanye.

Kurekebisha ni kwa vibao vyembamba, na kwa upana wa milimita 200 kumbuka namba moja tu: milimita 3 na nusu ni digrii 1. Ukitia chini ya ukingo wa mbele unaongeza, ukitia chini ya ukingo wa nyuma unapunguza. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kila kipande ni kama sehemu mbili za kumi za digrii. Kata ukanda, utie, upime. Usirukie milimita 5 kwa mara moja.

Kabla ya kuruka, uzito. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hulaumu pembe kwa makosa ya betri. Ndege ikiwa kamili, betri ndani, shikilia bawa kwa vidole viwili, kimoja kila upande, sentimita 5 hadi 6 nyuma ya ukingo wa mbele. Inapaswa kukaa mlalo au kuinamisha pua kidogo. Ikiinamisha mkia, hakuna pembe duniani itakayoiokoa. Sogeza betri mbele. Usitie uzito wa madini ya risasi puani kabla hujajaribu kuhamisha betri, uzito wa bure unalipwa kwa mwendo wa kutua.

Kisha mota. Ndege ya tumbo bapa hata ikipimwa sawasawa itapenda kuinua pua kila ukiongeza moto, kwa sababu niliyokwisha kueleza. Dawa ya hilo haiko kwenye bawa. Mota ielekezwe chini digrii 2 hivi, na kulia digrii 2 kama propela, ukiitazama kutoka nyuma ya ndege, inazunguka kama saa. Unatia washa, kile kipete chembamba cha chuma, nyuma ya skrubu mbili za juu. Kama matundu ya juu na ya chini yamepishana milimita 30, washa ya milimita 1 ni karibu digrii 2, na kwa kulia utatia washa nyingine kama hiyo nyuma ya skrubu za kushoto. Inaonekana kichekesho, mota imepinda kama imegonga ukuta, lakini usiinyooshe.

Safari ya kwanza isiwe safari. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na kama ni miezi ya kusi, basi mapema zaidi. Bila moto, isukume kwa mkono kuelekea upepo, iwe imeinama kidogo, kama mtu anayemrushia mwenzake, bila kuitupa. Ikishuka moja kwa moja na kutua mbali, vizuri. Ikipanda kidogo, ikasita, ikashuka, ikapanda tena, pembe ni kubwa au uzito uko nyuma. Ikizama pua mara tu inapotoka mkononi, kinyume chake. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha betri na kibao pamoja hutajua kilichokusaidia.

Ikikubali, ipandishe kwa moto wa wastani, itulize kwa trimu, vile vitufe vidogo kando ya fimbo za rimoti, mpaka iende mlalo bila kushikwa, ishushe, uiangalie eleveta. Hapo ndipo ndege yenyewe inakusomea pembe. Eleveta ikiwa imeshuka chini ya mkia, bawa lina pembe iliyozidi na mkia unahangaika kuipunguza: tia ukanda chini ya ukingo wa nyuma wa bawa. Ikiwa imepanda juu, tia mbele. Ikiwa imenyooka na mkia, acha.

Liko jaribio moja zaidi, na ulifanye ukiwa juu vya kutosha. Zima moto, elekeza pua chini kama digrii 30, kisha achia fimbo ya eleveta. Ndege iliyokaa vizuri itajinyanyua polepole. Ikijinyanyua kwa nguvu kama imevutwa kamba, uzito uko mbele mno na tofauti ya bawa na mkia ni kubwa mno, vyote viwili: rudisha betri nyuma milimita 5, punguza pembe nusu digrii, ujaribu tena. Ikizidi kuzama, ivute mwenyewe upesi, uishushe, usogeze betri mbele.

Tukija kwa yule wa 5, nadhani alikuwa akizungumzia kitu kingine kabisa: kuinua ncha za mabawa juu kuliko shina, ukitazama ndege kwa mbele. Hiyo hairuhusu wala haizuii pua kupanda, inasaidia ndege kujirudisha ikiegemea. Kama ndege yako haina aileroni, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyopanda na kushuka, na unageuza kwa usukani wa nyuma peke yake, digrii 5 kila upande ni ushauri mzuri. Kama inazo, 2 au 3 zinatosha. Ukiunga mabawa mezani, upande mmoja umelala na wa pili umenyanyuliwa, kumbuka pembe zote mbili zimeingia upande mmoja: kwa digrii 3 kila upande na nusu bawa ya sentimita 60, ncha iliyonyanyuliwa iwe sentimita 6.3 kutoka mezani. Wengi hutia nusu ya hiyo.

Mahali pa kurusha, kiwanja cha ndege cha Malindi kiko karibu mno na mji, kwa hiyo usirushie popote karibu nacho, na uliza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, wanataka nini kwako kabla hujaanza. Ufuo wa kuelekea Mambrui maji yakipwa ni mpana na mchanga wake unasamehe, ila chumvi haisamehi mota, ipanguse ukirudi. Kusi likivuma, bawa bapa litanyanyuka kwa kila dhoruba ndogo hata likiwa limepimwa na malaika; hapo usianze kubadilisha vibao, rudi nyumbani.

Mpaka ufike hapo bawa lifunge kwa rababendi, usiligundishe wala usitie skrubu, maana utalitoa na kulirudisha mara nyingi. Rababendi mpya kila baada ya safari chache, jua na chumvi vinazikausha. Kadi zikishatulia pima unene wake zote kwa pamoja, kata kibao kimoja cha plaiwudi cha unene huo huo, ukigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Supaglu ya kawaida usiisogeze, inakula fomu.